Tulivyokabidhi Uongozi wa Huduma ya Uinjilisti, na Yaliyotugharimu

Naandika haya kwa ajili ya wajumbe wa bodi, wazee wa kanisa na wahudumu ambao huduma zao za uinjilisti zimefika mahali ambapo mwanzilishi amezeeka, wafadhili wanapunguza michango yao, na vijana wanaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Kwa miaka mingi nilikuwa katibu wa huduma ya madhehebu mchanganyiko iliyoendesha mikutano ya injili katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na mwishowe bodi ikanikabidhi kusimamia kipindi cha mpito kutoka kwa mwanzilishi kwenda kwa uongozi mpya. Kipindi hicho kilinifundisha kwamba huduma haiwezi kuombea uamsho kwa dhati huku imefunika mambo matatu: fedha zake, hesabu ya waongofu wake, na swali la nani ataongoza baada ya kiongozi wa sasa. Sisi tulikuwa tumeyafunika yote matatu, bila nia mbaya, na kila moja lilipofunuliwa liliuma kwa namna yake.

Nimekulia Kagera, katika nyumba ya Wandugu, yaani watu wa uamsho wa Afrika Mashariki. Bibi yangu aliokoka wakati uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulipofika upande wetu mwishoni mwa miaka ya 1930. Wazee walitusimulia jinsi Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walivyokutana Namirembe mwaka 1929, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja kama ndugu, jambo ambalo katika siku za ukoloni halikuwa la kawaida. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifariki mwaka 1936 akiwa bado kijana, na uamsho haukufa pamoja naye; ulizidi kuenea Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika na Kongo. Watu walirudisha jembe la jirani waliloiba, walilipa madeni yaliyosahauliwa, na Wazungu wamisionari walitubu mbele ya Waafrika kwa kiburi chao. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni, kwa neno la Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya kwanza, mstari wa saba. Uamsho ule haukuwa na makao makuu, na hakuna mtu mmoja aliyeitwa mwenye nao. Kutoka humo walitokea viongozi kama Festo Kivengere wa Uganda, aliyewahi kufundisha Dodoma, na Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa jijini Dar es Salaam kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Nayataja haya kwa sababu huduma yetu ilijivunia urithi huo katika nyimbo na mahubiri, lakini ilijengwa kwa mtindo mwingine kabisa. Ilianzishwa na mhubiri mmoja mwenye bidii isiyo ya kawaida. Alilala vijijini kwenye madarasa ya shule, alisukuma lori la vyombo kwenye matope, na nimemwona akitoa koti lake kwa mgonjwa. Sitaki msomaji amdharau. Hata hivyo kiwanja cha ofisi kilikuwa kwa jina lake, lori lilikuwa kwa jina lake, naye ndiye aliyekuwa mtia saini mkuu wa akaunti ya benki. Hapo mwanzo hiyo ndiyo ilikuwa njia nyepesi ya kupata kiwanja na kusajili gari, na hakuna aliyerudi baadaye kurekebisha.

Mambo yalifunguka pale mfadhili wetu wa ng'ambo alipotuandikia kwamba angepunguza msaada hatua kwa hatua, na kwamba alihitaji hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi wa nje. Kikao cha kuisoma barua ile kilikuwa kizito. Wapo waliosema tumetelekezwa, wapo waliosema ni hila ya adui, na mhasibu wetu alilia waziwazi kwa sababu alijua vitabu vilivyokuwa kabatini. Wiki zilizofuata tulikubaliana, kabla ya kumjibu mfadhili, tusome pamoja Agano la Lausanne, tamko lililotolewa Uswisi mwezi Julai 1974, katika kongamano la uinjilisti wa dunia lililoitishwa na mhubiri Mmarekani Billy Graham na kuhudhuriwa na watu zaidi ya 2,300 kutoka nchi 150 hivi. Mchungaji mmoja wa Kianglikana alikuwa na nakala yake, nasi tulisoma ibara moja moja, tukichukua jioni nzima kwa baadhi yake.

Ibara ya tisa ilitutuliza hasira. Inakiri kwamba katika nchi ambayo tayari imefikiwa na injili, kupunguza wamisionari na fedha za kigeni kunaweza wakati mwingine kuwa jambo la lazima ili kanisa la pale likue katika kujitegemea. Maneno hayo hayakutoka hewani. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, Mkenya ambaye naye alilelewa na uamsho wetu, alikuwa amewaambia Wamarekani waziwazi kwamba wakati umefika wa kusitisha kwa muda kupeleka wamisionari na fedha, na mjadala ule ulitikisa makanisa duniani kote. Kumbe jambo tulilolipokea kama tusi, Mwafrika mwenzetu alilidai kama heshima. Siku ile lugha ya kutelekezwa ilianza kupungua vikaoni mwetu, ingawa mishahara ilikuwa bado haijulikani itatoka wapi.

Ibara ya kumi na mbili ndiyo iliyotuchoma. Waandishi wake, wakiongozwa na John Stott, mchungaji wa Kianglikana wa Uingereza, wanakiri kwamba wainjilisti wamewahi kuwashinikiza wasikilizaji kwa mbinu, wakajishughulisha mno na takwimu, na hata kuzitumia bila uaminifu. Kila mmoja wetu alifikiria taarifa zetu za mikutano. Tulihesabu mikono iliyonyoshwa usiku, kesho yake tukahesabu tena mikono, mingi ikiwa ya watu walewale na ya watoto waliofuata muziki, kisha tukajumlisha na kupeleka jumla hiyo kwa wafadhili kama idadi ya waliookoka. Bodi iliamua tuvirudie vijiji kadhaa ambako taarifa zetu zilisema mamia wameokoka, tukae na wachungaji wa pale na kuuliza. Tuliketi chini ya miembe na kwenye makanisa ya mabati tukisoma majina kwenye kadi. Wachungaji walitujibu kwa upole uliotuumiza kuliko lawama: huyu alikuwa mgeni aliyekuja mnadani, huyu alishabatizwa zamani, huyu alihudhuria Jumapili mbili halafu hatukumwona. Waliobaki kanisani kutokana na mkutano walihesabika kwa vidole. Walichotuambia wengi ni kwamba walihitaji mtu mmoja wa kukaa nao miezi michache baada ya mkutano, na kwamba gharama ya vyombo na jenereta kwa wiki moja ingemtunza mtu huyo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza kwa bodi yoyote ni hili: kabla hamjapanga mkutano mwingine mkubwa, rudini kwenye mikutano ya miaka miwili au mitatu iliyopita, mkiwa na kadi zenu mkononi, na mwende bila mhubiri mkuu, kwa maana mbele yake wenyeji hawatasema kweli. Kisha mwandikieni mfadhili mliyoyakuta. Sisi tulimwandikia. Tuliogopa angekata msaada siku hiyohiyo. Aliukata kwa ratiba ileile aliyokuwa ameisema, na akaongeza kwamba ilikuwa taarifa ya kwanza kutoka kwetu aliyoisoma hadi mwisho.

Suala la fedha lilikuwa refu na la kuchosha. Mkaguzi hakukuta wizi. Alikuta matumizi yasiyo na stakabadhi, mikopo kwa wahudumu ambayo haikuandikwa, na sadaka za uwanjani zilizohesabiwa na mtu mmoja. Baadhi ya wenzangu walinukuu Zaburi, kwamba msiwaguse masihi wangu, ili kuzuia maswali. Niliwasomea sura ya nane ya Waraka wa pili kwa Wakorintho, ambapo Paulo, mtume mwenyewe, anaagiza ndugu wengine waaminifu wafuatane na mchango wa Yerusalemu ili mtu yeyote asimlaumu, akijali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Ikiwa Paulo alitaka kusindikizwa na mashahidi, hakuna mtumishi ambaye ni mkubwa mno kwa stakabadhi. Tangu hapo sadaka ya mkutano huhesabiwa na watu wasiopungua watatu kutoka madhehebu tofauti, na kiasi chake hutangazwa kwenye kipaza sauti kesho yake. Utaratibu huu mdogo umeturudishia imani ya wenyeji kuliko semina zote tulizofanya.

Nifike sasa kwenye jambo gumu kuliko yote. Kumwambia mwanzilishi kwamba wakati wa kukabidhi umefika kulitunyima usingizi. Vijana walitaka kuandika waraka; tuliwazuia. Mtu aliyezaa huduma hatumiwi barua na watoto wake. Tulitafuta wazee watatu wa rika lake, mmoja wao askofu mstaafu, na kabla hawajaenda walizungumza kwanza na mke wake, ambaye ndiye aliyejua hali ya afya yake. Nilikwenda nao kama mwandishi wa kumbukumbu. Baada ya sala na chai, askofu alisoma Hesabu sura ya ishirini na saba, pale Musa mwenyewe anapomwomba Bwana aweke mtu juu ya kusanyiko ili lisiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Mzee alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mimi, si wao, akasema, "Binti yangu, nikikabidhi funguo, kesho nitakula nini? Na mama yenu akiugua, nitamtibia wapi?"

Sikuwa na jibu, na hakuna aliyekuwa nalo. Tulikwenda tukiwa tumejiandaa kwa mabishano ya kitheolojia kuhusu wito na upako, kumbe shida ilikuwa chakula na dawa. Naamini viongozi wengi wa huduma katika nchi zetu hung'ang'ania nafasi kwa sababu hiyo, na sisi tunawahukumu kwa kupenda madaraka. Hakuwa na pensheni, nyumba aliyoishi ilikuwa ya huduma, na watoto wake walisomeshwa kwa sadaka. Tulirudi bila uamuzi. Ilituchukua karibu mwaka mzima kupanga jambo ambalo lilipaswa kutangulia: posho ya kila mwezi inayotolewa na makanisa wanachama kwa zamu, bima ya afya kwa yeye na mkewe, na makubaliano ya maandishi kwamba wataishi katika nyumba ile hadi mwisho wa maisha yao. Tulipompelekea mpango huo ukiwa umeshatiwa saini na makanisa, alitaja mwenyewe tarehe ya kukabidhi. Ninyi mnaopanga kwenda kwa mzee wenu, msiende kabla mpango wa namna hii haujakamilika.

Kuhamisha mali kulihitaji subira ya aina nyingine. Tulisajili upya Bodi ya Wadhamini kwa Kabidhi Wasii Mkuu, katika RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ili kiwanja na magari viwe mali ya wadhamini wala si ya mtu. Zipo gharama ambazo hatukuzitarajia: uthamini wa kiwanja, ada ya wakili, ushuru na kodi zinazoambatana na kuhamisha umiliki. Tuliuza jenereta kubwa ili kuzilipa. Ni lazima mke wa mwenye hati aridhie kwa maandishi, na ni busara, hata kama sheria haiwalazimishi, watoto wake watu wazima washirikishwe na watie saini kama mashahidi. Mmoja wa watoto alitupinga vikali, akiamini tunamnyang'anya baba yake. Tulikaa naye mara nyingi, tukamwonyesha vitabu na makubaliano ya nyumba. Hakufurahi, lakini alitia saini, na uhusiano wetu naye umebaki wa mbali mpaka leo. Jambo hilo bado linanihuzunisha.

Katika miezi hiyohiyo tulifanya mfungo wa pamoja, bodi na wahudumu, katika kituo cha semina nje ya mji. Wazee wa Wandugu walituongoza katika toba ya kutembea nuruni. Mwanzilishi alitubu kwa ukali wake kwa wasaidizi. Wasaidizi walitubu kwa kumsema pembeni huku wakimsifu usoni. Wachungaji wa madhehebu mawili walioshindana miaka mingi kwa sababu ya kunyang'anyana waumini baada ya mikutano walisuluhishwa mbele yetu. Wapo walioingia siku ile na mizigo ya miaka kumi, wakatoka wanaimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa uamsho, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye viwanja vyetu. Ninauita uamsho, na ninalisema neno hilo nikijua uzito wake. Hata hivyo nawatahadharisha wanaotaka kufanya vivyo hivyo. Si kila dhambi husimuliwa mbele ya umati. Yanayomhusu mtu wa tatu yasemwe faraghani mbele ya wazee wawili, na yaliyo makosa ya jinai, hasa yanayowagusa watoto na wasichana, hayamalizwi kwa toba ya kikao. Yanapelekwa kwenye vyombo vya sheria. Uamsho unaotumika kuficha uhalifu unawaumiza wadogo mara ya pili.

Kumchagua kiongozi mpya kulizua mivutano ya dhehebu, ya kabila na ya umri. Kilichotusaidia ni kuangalia jinsi vuguvugu la Lausanne lenyewe, lililozaliwa na kongamano lile la 1974, lilivyorithishana. Katibu mtendaji wake wa kwanza alikuwa Mwafrika, Gottfried Osei-Mensah wa Ghana, aliyechukuliwa mwaka 1975 kutoka uchungaji wa kanisa la Nairobi Baptist, wakati ambapo wengi wangetegemea Mmarekani au Mwingereza. Leighton Ford, mwenyekiti wa kamati yake tangu 1976, hakungoja azeeke ndipo awakumbuke vijana. Wakati wa uenyekiti wake lilifanyika kongamano la viongozi vijana Singapore mwaka 1987, na sehemu kubwa ya maisha yake baada ya hapo aliitoa katika kuwalea. Mwaka 2013 vuguvugu hilo lilimkabidhi uongozi Michael Oh, mtu wa umri wa miaka 40 hivi. Tulipoyaweka hayo mezani, hoja kwamba mwenye miaka 35 ni mtoto ilikosa miguu. Leo Wakristo wa Afrika ni wengi kuliko wa bara lingine lolote, na viongozi watakaolibeba kanisa hilo wako kwenye vyama vya wanafunzi vyuoni, wanasubiri kuitwa au wanachoka kusubiri.

Bodi haikumchagua nabii mwingine wa kusimama peke yake. Ilichagua timu ya watatu: mratibu aliyelelewa katika ushirika wa wanafunzi chuoni, mama mmoja mwenye taaluma ya uhasibu, na mchungaji wa kijijini aliyejua kulea waongofu. Katiba mpya iliweka vipindi viwili vya miaka minne, na si zaidi. Lilipokuja suala la mama kuwa kiongozi, makanisa mawili ambayo hayawabariki wanawake kwa uchungaji yalisita. Tulikubaliana kwamba nafasi yake si ya kichungaji, na kwamba kila kanisa litabaki huru katika utaratibu wake wa madhabahuni. Kanisa moja lilijiondoa hata hivyo, pamoja na kwaya yake, ambayo ilikuwa nguzo ya mikutano yetu. Sikuona njia ya kulizuia hilo bila kumkosea mama yule haki.

Siku ya kukabidhi, mwanzilishi aliwawekea mikono wote watatu kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya watu wake, kama Musa alivyoagizwa ampe Yoshua sehemu ya heshima yake mbele ya kusanyiko lote. Ningependa kusisitiza jambo hilo. Kukabidhi ofisini kwa saini peke yake hakutoshi, kwa sababu waumini wataendelea kumpigia mzee simu kwa kila uamuzi. Kwa upande wake, mzee aliacha kutia saini hundi siku hiyohiyo, na alipoulizwa mambo ya ofisi aliwaelekeza watu kwa mratibu. Nami niliacha ukatibu baada ya mwaka mmoja wa kuwaelekeza, ingawa niliombwa nibaki. Nilikuwa nimechoka mwili, presha ilikuwa imepanda, na mume wangu alikuwa ameniambia kwa upole kwamba nyumba yetu imekuwa ofisi ndogo ya bodi.

Mikutano imepungua na imebadilika. Wahubiri wengi sasa hutoka katika makanisa ya eneo lenyewe, na mwinjilisti mmoja hubaki miezi sita baada ya mkutano kwa ajili ya mafundisho, akilishwa na makanisa ya pale. Taarifa hutaja waliobatizwa na waliobaki, wala haitaji mikono. Mambo ya utaratibu hayapuuzwi: polisi wa wilaya hupewa taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla, viongozi wa mtaa hufahamishwa, na vyombo huzimwa kwa muda uliokubaliwa, hasa tunapokuwa jirani na msikiti au hospitali. Vijana wetu wamesoma pia Tamko la Cape Town la mwaka 2010, la vuguvugu hilohilo la Lausanne, linalowaita wainjilisti kuishi kwa unyenyekevu, uadilifu na maisha yasiyo ya anasa, na wamekataa kununua gari jipya la mratibu hadi deni la wahudumu wa zamani lilipwe.

Deni hilo ndilo kazi ambayo haijakamilika. Wapo wainjilisti wazee waliotembea na lori lile tangu mwanzo, ambao michango yao ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, haikuwahi kuwasilishwa kwa sababu hawakuwa na mikataba. Mwanzilishi alipata posho na bima kwa kuwa alikuwa na jina, wao hawana. Bodi imeorodhesha majina yao, imeanza na wajane, na kila kanisa mwanachama limeombwa kumchukua mmoja wao. Makanisa machache tu ndiyo yameitikia hadi sasa, na mama mhasibu huyasomea orodha hiyo yote kila kikao cha robo mwaka.